Mistari Iliyopinda

Mikinduri,
12 Januari 2025

Kwa Wambeti,

Salamu kwa watu wa kwenu huko Kianjokoma. Nakuandikia barua kwa sababu maneno ya simu hupotea, na siku hizi mtu hukana alichosema hata kabla hajakata simu. Barua ina tarehe na sahihi. Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne, na hilo ndilo jambo la kwanza nililoandika ubaoni kila mwaka.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mlipoachana, mwanangu Mwirigi anakaa vizuri na Gatakaa, binti wa watu wa Kibirichia, watu wa viazi, wapole. Gatakaa ni mjamzito na anatarajia mwezi wa tano. Akizaa msichana, mtoto ataitwa kwa jina langu, kwa kuwa binti wa kwanza wa nyumba huitwa kwa mama wa baba yake. Lakini jina hilo bado liko kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yenu Winrose, na unajua nililichukua miaka mitatu iliyopita mbele ya kina mama wa kanisa. Nimeambatisha fomu ya kubadilisha jina. Tia sahihi penye alama ya X, kisha uipeleke kwenye ofisi ya vifurushi pale stendi ya Embu. Itanifikia siku hiyo hiyo.

Sina ugomvi na mtoto. Lakini anayebeba jina langu ni mimi mwenyewe, na ile ngozi si yangu wala si ya ukoo wangu. Mlikuja nayo kutoka Embu.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Kijitabu hiki nimekinunua jana na mistari yake imechorwa vibaya, imepinda katikati. Nitakirudisha dukani.

Mwalimu Ciakuthii Muthamia


Kianjokoma,
19 Januari 2025

Kwa Mama,

Barua nimepokea, na fomu pia. Fomu nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa cherehani yangu uliokuwa unacheza. Sasa cherehani imetulia. Asante.

Unaandika kwamba ulichukua jina lako mbele ya kina mama. Huandiki ulilichukuaje. Basi nikukumbushe, kwa kuwa wewe ni mtu wa tarehe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Novemba 2021, nje ya kanisa, baada ya chai. Winrose alikuwa na miaka tisa. Ulimshika bega, ukafungua kola niliyomshonea kwa mikono yangu, ukawageuzia wenzako shingo yake kama mtu anayeonyesha kuku aliyenyonyolewa. Ukasema, "Muone wenyewe. Hii si ngozi ya kwetu." Wengine walisogea karibu waone vizuri vile vipele vya manjano na ile ngozi iliyolegea. Mwirigi alikuwa amesimama pale kando, akaanza kuangalia simu yake.

Mtoto hakulia. Alifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa. Tangu siku hiyo hajawahi kukifungua kile cha juu mbele ya mtu, hata jua likiwaka namna gani.

Sitatia sahihi. Jina ulimpa wewe siku aliyozaliwa, ukamtemea mate ya baraka kifuani, ukaniambia nimuite Mama kwa kuwa amekuja kuwa wewe. Nikamuita Mama. Bado namuita Mama.

Na nikuambie jambo lingine. Iko siku nitakulipa. Sijui kwa njia gani wala lini, ila nakuahidi kwa maandishi, na tarehe iko pale juu.

Kuhusu kijitabu, pole. Mwambie mwenye duka akupe cha wanafunzi.

Wambeti


Mikinduri,
30 Januari 2025

Kwa Wambeti,

Barua yako ina hasira nyingi na nukta chache. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, nakurudishia. Vitisho havinitishi. Nimeshatishwa na wakaguzi wa shule waliokuwa wakali kuliko wewe.

Fomu itoe chini ya hiyo cherehani.

Kijitabu nilikirudisha. Yule kijana wa duka akanipa kingine, nacho kimepinda vile vile. Siku hizi watu hawana haya, wanauza chochote. Hata nyumba hii aliyonijengea Mwirigi, sasa ndiyo naona kasoro zake: fremu ya mlango wa sebuleni ina tumbo. Nilimuita fundi Kailemia aje ainyooshe. Akaning'iniza timazi yake, akazunguka, akaangalia juu na chini, akasema, "Mwalimu, mlango huu umenyooka kuliko mimi." Nilimfukuza. Huyo anakunywa.

Nasubiri fomu kabla ya mwezi wa pili kuisha.

Mwalimu Ciakuthii Muthamia


Kianjokoma,
9 Februari 2025

Mama,

Nimeandika jina lako kwenye bahasha kwanza, ili nisiogope.

Mlango wako haujapinda. Kailemia hakuwa amelewa. Ni jicho lako.

Mwaka juzi nilimpeleka Winrose kwa daktari wa ngozi. Walikata kipande kidogo shingoni wakakipima. Daktari alinieleza kwa lugha ya kazi yangu, nikaelewa. Ndani ya ngozi kuna nyuzi zinazoifanya ivutike na kurudi, kama lastiki ya sketi. Kwa Winrose nyuzi hizo zinajaa chokaa na kukatika, ndiyo maana ngozi inalegea na kutoa vile vipele. Ni ugonjwa adimu. Hauambukizi, hauletwi na laana wala uchafu. Lakini nyuzi hizo ziko pia nyuma ya jicho. Utando wa huko ukipasuka, damu huvuja, na dalili ya kwanza ni moja: mstari ulionyooka huonekana umepinda. Ukiwahi hospitali, wanachoma sindano jichoni na macho yanaokolewa. Ukichelewa hata miezi miwili, katikati ya jicho panakufa na hapafufuki. Ndiyo maana Winrose ana karatasi ya viboksi ukutani. Kila asubuhi anafunika jicho moja, anaiangalia, kisha anafunika la pili.

Daktari aliniambia pia kwamba mtoto hapati ugonjwa huu mpaka urithi utoke pande zote mbili. Kwa hiyo nusu ni yangu, ya Embu, nakubali. Nusu nyingine ni ya Mwirigi. Na Mwirigi aliitoa kwako. Usibishe. Mwaka 2019 nilikupima blauzi ya kola ndefu, ukataka nikupime juu ya kitambaa chako cha shingoni, na kitambaa kikateleza. Niliiona shingo yako. Wakati ule sikujua ninachokiona. Siku daktari aliponiuliza nani mwingine ana ngozi kama hii, ndipo nilipojua.

Ulimvua mtoto kola mbele ya watu ukiwa umejifunga yako.

Nimefika hapa, na ningekuwa mtu mwema ningeifunga barua hii niipeleke stendi sasa hivi. Nenda hospitali, Mama, nenda kesho. Hayo ndiyo nilikaa chini kuandika. Lakini kila nikishika bahasha naviona vile vidole vya Winrose vikifunga vifungo. Nimekuwa nikiomba nionyeshwe namna ya kukulipa. Sikujua ingeletwa mpaka mezani kwangu, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Barua itakaa kwenye droo ya cherehani. Wacha mistari ipinde.

Wambeti


Kianjokoma,
16 Februari 2025

Kwa Mama mpendwa,

Nakuomba radhi kwa maneno ya barua ile ya Januari. Hasira ni mbaya. Fomu nitaitazama polepole, usinikimbize, maana mambo ya vyeti yanataka utulivu. Winrose yuko shule ya bweni sasa na ni lazima nizungumze naye kwanza akija likizo.

Mistari isikusumbue. Ni karatasi za siku hizi tu. Hata mimi naona vitambaa vya siku hizi haviko kama vya zamani.

Uendelee kuniandikia. Nimegundua nilikosa mwandiko wako. Unieleze na hali ya nyumba, na kama ule mlango bado una tumbo. Uniwie radhi nikiandika kwa herufi ndogo hivi, nabana karatasi.

Wako,
Wambeti


Mikinduri,
20 Machi 2025

Kwa Wambeti,

Imenichukua siku tatu kusoma barua yako. Ukiandika tena andika kwa herufi kubwa, kama za darasa la kwanza, na usizibane. Safari hii sikuisahihisha.

Hali si nzuri. Kwa jicho la kulia, nikimtazama mtu usoni, uso haupo. Naona masikio na nywele na kola ya shati, na katikati pana kitu kama moshi. Jumapili mhubiri alihubiri bila uso. Biblia naisomea pembeni ya jicho, kama mtu anayechungulia. Mwirigi anasema ni mtoto wa jicho na kwamba wazee wote hupata, tutaenda kuliangalia Gatakaa akishajifungua, mambo yasije pamoja.

Gatakaa ni msichana mwema lakini hasomi kwa sauti, anameza maneno. Wewe ulikuwa unanisomea vizuri. Nakumbuka ulivyokuwa ukinisomea gazeti huku unapiga pasi, na ukifika kwenye habari za wanasiasa unabadilisha sauti. Sijui kwa nini nakuandikia hayo.

Wewe ulimzungusha mtoto kwa madaktari. Uliwahi kusikia lolote kuhusu macho? Kama ulisikia, niambie.

Na fomu.

C. Muthamia


Kianjokoma,
28 Machi 2025

KWA MAMA,

NIMEANDIKA KUBWA KAMA ULIVYOTAKA.

SIJASIKIA LOLOTE. MACHO YA UZEE NDIVYO YALIVYO. MWIRIGI ANASEMA KWELI. PUMZISHA MACHO, USISOME SANA, SUBIRI MTOTO AZALIWE.

FOMU BADO NAITAZAMA.

WAMBETI


Kianjokoma,
14 Aprili 2025

Kwa Cucu,

Ni mimi Winrose Ciakuthii. Najua hatuandikiani. Niko nyumbani kwa likizo. Jana nilikuwa natafuta lastiki ya soksi kwenye droo ya cherehani nikapata barua yako, iko kwenye bahasha na jina lako liko juu. Mama alisahau kuituma. Ana kazi nyingi, shule zinakaribia kufunguliwa na kila mtu anataka sare.

Naituma leo kwa ofisi ya vifurushi. Tafadhali usomewe yote, lakini ile sehemu ya hospitali isomwe kwanza. Uende hata kama Gatakaa hajajifungua. Usiinue ndoo nzito na usiinamishe kichwa sana, mimi nilikatazwa.

Nimekuwekea pia karatasi yangu ya viboksi. Nitajichorea nyingine. Unaishika umbali wa kitabu, unafunika jicho moja, unaangalia doa la katikati. Kama viboksi vinacheza si makosa ya karatasi.

Cucu, kumbe na wewe. Nilikuwa nafikiria niko peke yangu.

Mjukuu wako,
Winrose


Mikinduri,
2 Mei 2025

Kwa Wambeti,

Mkono unaoandika hapa ni wa Gatakaa. Mimi nasema na yeye anaandika, na nimemkataza kubadilisha hata neno moja.

Jicho la kulia limekufa. Daktari alisema aliona kovu, na kovu halitibiwi. La kushoto lilikuwa limeanza kuvuja. Limechomwa sindano moja, zimebaki mbili. Kwa hilo bado naona kidole changu na sahani yangu, na nikivumilia naona herufi, kama ni kubwa.

Daktari aliniuliza mistari ilianza kupinda lini. Nikamjibu bila kufikiri: tarehe 12 Januari. Akashangaa mzee kukumbuka tarehe. Nikamwambia imeandikwa kwenye barua, na barua iko kwa mtu. Akasema, "Ungekuja mwezi wa pili, yangepona yote mawili." Gatakaa alikuwa ameketi kando yangu. Barua yako ya tarehe 9 Februari ilikuwa kwenye mkoba wake. Iliandikwa vizuri. Haina kosa hata moja.

Nikasomewa tena na ile ya tarehe 28 Machi, ya herufi kubwa. Nilikuuliza waziwazi, Wambeti. Ulinijibu kwa herufi za darasa la kwanza.

Sasa nikuambie langu, maana nimechoka kulificha. Shingo hii niko nayo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu alinifunga kitambaa akaniambia nikikivua sitaolewa. Nililala nacho miaka yote ya ndoa yangu. Mzee Muthamia alizikwa hajaiona shingo yangu mchana. Winrose alipoanza kutoka vile vipele niliijua ngozi ile kabla yako, kabla ya daktari yeyote. Niliogopa watu watamtazama yeye halafu wanitazame mimi, maana ana jina langu. Kwa hiyo niliwaonyesha yeye, nikajitenga naye mapema. Mtoto wa miaka tisa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tarehe 14 Novemba 2021, na tarehe uliikumbuka sawasawa.

Sikuombi msamaha, kwa sababu nikiuomba utadhani na wewe nimekusamehe. Sijakusamehe. Kila asubuhi nikifungua macho na upande mmoja ubaki moshi, jina linalonijia ni lako.

Kitambaa nimekivua. Jumapili nilikwenda kanisani bila kitambaa, na kola wazi. Wale wale kina mama walinitazama, na kwa jicho lililobaki nikawatazama. Nikawaambia mtoto niliyewaonyesha mwaka ule alikuwa mimi.

Fomu nyingine usiitafute. Jina linabaki kwa Winrose. Gatakaa akipata msichana amekubali tutafute jina upande wa kwao, na huyu anayeandika hapa analia, lakini anaandika.

Mwirigi alitaka barua yako isomwe mbele ya wazee wa kwenu huko Embu, ili watu wajue wewe ni nani. Nimemkataza, na si kwa kukuonea huruma. Bahasha ile ilifika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya shule. Aliyeituma aliisoma kwanza. Akaisoma yote, mpaka pale unaposema mistari ipinde. Kisha akachukua kalamu akaniandikia kwamba ulisahau.

Nimekaa na watoto maisha yangu yote. Namjua mtoto anayedanganya kwa kuogopa kiboko, na namjua anayedanganya ili mama yake asiaibike. Sina cha kukufanyia kinachozidi hicho. Kaa nacho.

Mwalimu Ciakuthii Muthamia
(nimetia sahihi mwenyewe)


Shuleni,
9 Mei 2025

Kwa Mama,

Habari ya nyumbani? Mimi niko salama. Soksi zimelegea tena, ukija siku ya wazazi niletee lastiki ile pana. Hisabati nimepata sitini na nane. Mwalimu wa michezo amekubali nisicheze mpira wa kikapu, sasa mimi ndiye naandika pointi.

Cucu ameniandikia. Barua ilikuja kwa ofisi ya mwalimu mkuu na herufi zake ni kubwa sana, maneno manne yanajaza mstari, lakini ameandika kwa mkono wake. Anasema tutakuwa tunaangalia karatasi ya viboksi saa moja asubuhi, yeye kule na mimi huku, na kila mwisho wa mwezi tuandikiane tulichoona. Ameniambia pia jicho la kulia halitarudi. Sikujua limefika huko. Nilifikiria nimetuma mapema.

Jana kulikuwa na joto nikafungua kifungo cha juu. Msichana mmoja aliuliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni ya cucu yangu.

Mama, sikukuambia niliisoma ile barua ya kwenye droo. Ulikuwa unashona sare, ukaniuliza kama nimepata lastiki, nikasema nimepata. Wakati huo ilikuwa imeshaenda. Nilimwambia Cucu ulisahau kwa sababu sikujua neno lingine la kuandika.

Najua ulikuwa unanilipizia mimi. Lakini tangu nikiwa mdogo unaniita Mama, unasema mimi ni yeye. Sasa nikisoma pale umeandika wacha mistari ipinde, sijui unamwandikia nani.

Kila asubuhi naangalia viboksi na mpaka leo vimenyooka. Daktari alisema siku moja vinaweza kuanza kucheza. Basi naomba unijibu kwa barua, si kwa simu ya matroni, na uweke tarehe. Siku hiyo ikifika nikuambie mistari imepinda, na iwe ni siku nimekukosea na umenikasirikia sana, utanipeleka hospitali siku hiyo hiyo? Au utaniambia ni karatasi?

Ni mimi binti yako,
Winrose Ciakuthii